Pima kabla ya kisu: nilivyojifunza kuandika bili za mawaa ya ngozi

Shangazi yangu wa Kibokoni anaamini nafanya kazi KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Kosa ni langu. Siku aliponiuliza ni kazi gani hii ya kukesha na kompyuta, nilimjibu kwa haraka, "Ni kodi, shangazi, kodi za hospitali." Tangu hapo akipata ujumbe wowote wa ushuru hunipigia mimi. Siku hizi nasema misimbo, naye hunijibu, "Ndiyo hiyo hiyo kodi."

Kazi yenyewe ni hii. Daktari wa ngozi huko Marekani akimtoa mgonjwa waa, sunzua au uvimbe, huandika alichofanya. Mimi niko Kisauni, Mombasa, chumba cha nyuma, feni moja, nasoma maelezo yake na kuyageuza namba: ya CPT kwa kilichofanywa, ya ICD-10 kwa sababu ya kufanywa. Bima hulipa kwa namba hizo. Naanza saa tisa alasiri, kwao New York saa mbili asubuhi. Novemba wakirudisha saa zao nyuma, naanza saa kumi.

Vijana waliosomea kazi hii mtandaoni huniuliza waanzie wapi. Nawaambia waanze na mawaa yasiyo ya saratani. Hucheka kidogo, maana wao wanataka moyo na mifupa. Mimi hapo kwenye mawaa ndipo nilipoumbuka.

Mwezi wangu wa pili nilipata faili la waa la mgongoni. Daktari kaandika waa lina upana wa sentimita 0.8, na amekata ukingo wa 0.2 kila upande. Ripoti ya maabara nayo ikasema kipande kilichofika kina sentimita 1.0. Nikaona maabara wana darubini na rula nzuri, basi nikafuata yao, nikaandika 11401, ambayo ni ya sentimita 0.6 hadi 1.0. Nikaendelea hivyo hivyo faili baada ya faili, nikijisifu kwa uangalifu wangu.

Umewahi kuona kamba akitiwa kwenye mafuta moto? Anaingia mkubwa, anatoka amejikunja. Ngozi ikishakatwa hujivuta, na ikilowekwa kwenye fomalini hunywea zaidi. Kwa hiyo kipimo kinachohesabiwa ni cha daktari kabla ya kisu: upana mkubwa wa waa, ukijumlisha ukingo mwembamba uliohitajika mara mbili, kwa kuwa uko pande zote mbili. 0.8 na 0.2 na 0.2 ni 1.2. Hiyo ni 11402. Msimamizi wangu aliligundua kosa kwenye ukaguzi, na klemu zote, yaani madai yetu kwa bima, zikarudiwa moja moja. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Usiku ule hata viazi karai havikushuka.

Ukishapata kipimo, uliza mahali. Kiwiliwili, mikono na miguu huanzia 11400. Kichwa chenye nywele, shingo, mkono na mguu chini ya kifundo, na sehemu za siri huanzia 11420. Uso, masikio, kope, pua na midomo huanzia 11440. Sentimita 1.2 ya mgongoni na 1.2 ya shavuni hazina namba moja wala bei moja. Mawaa matatu yakikatwa siku moja, kila moja lina mstari wake. Usijumlishe vipimo vyake. Wengi huchanganya na nyuzi, kwa sababu majeraha ya aina moja ya mshono katika kundi moja la viungo urefu wake hujumlishwa. Mshono wa kawaida haudaiwi peke yake, tayari umo ndani ya bei ya kukata. Ule wa tabaka, wenye nyuzi za ndani, una namba zake.

Halafu soma kitenzi. Nasema kweli, kazi hii ni sarufi zaidi ya hesabu. Daktari amekata hadi chini ya ngozi, au amekwangua juu juu? Kukwangua kuna namba za 11300. Vinyama vinavyoning'inia shingoni na kwapani huhesabiwa kwa idadi: 11200 kwa vinyama hadi 15, kisha 11201 huongezwa kwa kila 10 vinavyozidi, hata kama havijatimia 10. Sunzua zilizogandishwa kwa naitrojeni, zikiwa hadi 14, ni 17110. Zikifika 15 unaandika 17111 peke yake. Wanaoanza huziandika zote mbili, wakidhani ni kama zile za vinyama. Bima haichelewi kurudisha klemu hiyo.

Na ngoja majibu ya maabara. Daktari akiandika kwamba hana hakika waa ni la namna gani, usikimbilie D48.5. Msimbo huo ni wa mwanapatholojia aliyetazama kwa darubini akashindwa kuamua. Kama majibu hayajafika na lazima bili iende, kuna D49.2, ya uvimbe ambao aina yake bado haijabainishwa. Lakini ni kheri kungoja, kwa sababu likitokea kuwa saratani, hata namba ya kukata inahama kutoka 11400 kwenda 11600.

Sasa lile linaloumiza wagonjwa wengi: sababu. Bima hailipii urembo, Marekani wala hapa. Chukua yale mawaa meusi yaliyoinuka ambayo wazee wengi huwa nayo. Likiwa limetulia tu ni L82.1, na mara nyingi mgonjwa atajilipia. Likiwa limevimba na kuwasha ni L82.0, na hapo bima husikiliza. Lakini itasikiliza kilichoandikwa tu.

Shangazi huyu huyu alikuwa na waa nyuma ya sikio. Ni mwalimu, ana bima ya kazini. Hospitali moja ya hapa mjini iliomba idhini kwa mstari mmoja, kwamba anataka kuondolewa waa. Jibu likaja: urembo, hailipiwi. "Urembo! Kwa umri huu? Naenda kuolewa wapi?" Nikamuuliza linamsumbua vipi. Akaniletea mtandio wa kijani, una doa la damu kavu upana wa shilingi ishirini. Pini ya mtandio humkwaruza pale pale, na tangu Ramadhani limetoka damu mara tatu. Na daktari ulimwambia? "Hakuniuliza."

Nilimtuma arudi na ule mtandio. Daktari akatazama, akaandika damu, maumivu, tangu lini na mara ngapi, na idhini ikatoka. Nisieleweke vibaya: sikumfundisha aseme lisilokuwepo. Huo ni ulaghai, na ukitafuta kazi hii ujue nawe unaweza kuwajibishwa. Ila ukienda kwa daktari, sema yote kabla hujaulizwa, na uombe yaandikwe kabla ombi halijatumwa.

Kwa upande wa wenzangu wa kompyuta, maelezo yakikosa kitu usibuni. Uliza, na swali lisimtie daktari maneno mdomoni. Usiandike, "Lilikuwa sentimita 1.2, sivyo?" Mimi huandika hivi: "Daktari, katika maelezo ya waa la begani, tafadhali ongeza ukubwa na ukingo kabla ya kukata, kama vilipimwa." Wengi hujibu siku hiyo hiyo na namba zao.

Wiki iliyopita mmoja alinijibu kwa neno moja, kwamba hakupima. Waa lilionekana kubwa kwenye picha, kubwa kweli. Kwetu utaratibu ni kwamba bila kipimo tunashika ngazi ya chini, nami nikaandika 11400.