Mpe Maswali, Mfiche Kifungu: Namna Ninavyopima Ufahamu wa Kiingereza Sekondari

Mwalimu mmoja wa Kahama ameniandikia wiki hii akiomba nimtumie pepa yangu ya kusikiliza, ile iliyoingia kwenye mtihani wetu wa ujirani mwema muhula huu, yaani mtihani wa pamoja wa shule jirani. Anasema ana Kidato cha Pili wanaosoma Kiingereza bila kukwama, lakini akiwaambia kwa mdomo wafungue ukurasa wa arobaini, wanatazamana. Ujumbe wake unafanana na mwingine mwingi nilioupokea tangu mtihani ule ufanyike, kwa hiyo nawajibu wote hapa. Pepa yenyewe sitaituma. Ikishasambaa kwenye magrupu, watoto wataikariri kabla hamjafika darasani.

Kwanza niseme ninachojivunia, msinione nina maringo. Shule zote za ukanda wetu zilifanya sehemu ya kusikiliza niliyoitunga mimi, na aliyepiga simu kuiomba ni mtaaluma yuleyule ambaye huko nyuma, nikiwa shuleni kwake, alinirudishia karatasi yangu mbele ya stafu nzima akasema, "Mwalimu, Baraza halipimi masikio," yaani Baraza la Mitihani. Walimu walicheka. Kicheko kile nilikaa nacho muda mrefu, na sitajifanya kwamba simu yake haikunifurahisha. Nilimwacha ajieleze mpaka salio lake likakaribia kukata.

Kwa haki, alichosema kilikuwa kweli. Mtihani wetu wa Kiingereza wa Kidato cha Nne ni wa kusoma na kuandika. Hakuna dakika ambayo mtahiniwa anasikilizishwa kitu. Kwa jirani zetu Kenya, pepa ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za mazungumzo, lakini nazo zinajibiwa kwa kalamu. Mtoto anaulizwa neno lipi linatamkwa sawa na lipi, na hajasikia sauti ya mtu yeyote. Linganisha na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza unaodaiwa na vyuo vingi vya nje: maswali 40 ya kusikiliza kwa takriban dakika 30, na sauti inapigwa mara moja tu. Kijana wetu anakutana nao akiwa mtu mzima, barua ya ufadhili iko mkononi, ndipo anagundua kwamba sikio lake halijawahi kupimwa.

Lakini hata asiyeota kwenda ng'ambo anaumia, tena mapema zaidi. Mtoto amesoma msingi kwa Kiswahili. Anaingia Kidato cha Kwanza, na mwalimu wa Baiolojia anasimama mbele anaongea Kiingereza dakika arobaini. Kitabu kimoja wanagawana watoto wanne. Anachokipata anakipata kwa sikio, na sikio hilo hakuna anayejua hali yake, kwa sababu hakuna aliyelipima. Akifeli Baiolojia tunasema hana akili ya sayansi.

Nianze na kusoma, maana huko ndiko tunakojidanganya zaidi. Hebu soma sentensi hii: *Jana jioni mabulenge mawili yalipwinda mdofweni.* Sasa jibu. Mabulenge yalikuwa mangapi? Yalifanya nini? Wapi? Lini? Umepata nne kwa nne, na hujui bulenge ni mdudu au ni chombo cha jikoni. Ndivyo wanafunzi wetu wanavyopata sabini ya ufahamu. Wanalisaka neno la kwenye swali ndani ya kifungu, wanaweka kidole, wananakili kuanzia hapo hadi kwenye nukta, na mwalimu mwenye rundo la madaftari mezani anaweka vema. Sasa ongeza swali moja tu: Je, mabulenge yalifurahi kupwinda? Hapo kidole hakina pa kushika.

Huu ndio msingi wa kila ninachofanya, na nitaurudia mpaka mchoke: swali la ufahamu likijibika bila kuelewa, si swali la ufahamu.

Dawa yangu ni rahisi mno, ndiyo maana watu wanaidharau. Nikishatunga, nachapa maswali peke yake na kuwapa watoto ambao hawatafanya mtihani ule, kwa mfano Kidato cha Tatu ikiwa mtihani ni wa Kidato cha Pili. Kifungu nakificha. Swali ambalo wengi wanalipata bila kusoma chochote, nalifuta. Jambo hili nililianza siku nilipokutana na kifungu cha malaria kwenye mtihani mmoja wa pamoja. Kilikuwa na aya tano zilizoandikwa vizuri tu. Niliwapa mkondo B maswali bila kifungu. Mbu yupi anaeneza malaria? Anofelesi jike. Anauma wakati gani? Usiku. Taja njia mbili za kujikinga. Neti, na kufukia madimbwi. Karibu darasa zima lilivuka nusu. Ilibidi waelewe Kiingereza cha maswali, hilo nalikubali, lakini zile aya tano hazikuwa na kazi. Tulikuwa tumewapima Baiolojia ya darasa la sita.

Malaria, UKIMWI, ukataji miti, dawa za kulevya. Fungua pepa yoyote ya zamani uone. Tunapenda vifungu vyenye mafunzo, nami sina ugomvi na mafunzo, ila mtoto ameyasikia yote kwenye redio, msikitini, kanisani na kwa mganga mkuu wa wilaya siku ya maadhimisho.

Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo ule waliielewa habari vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Huku kwetu Tanga huhitaji besiboli. Tunga kifungu cha kilimo cha mwani: mtoto wa Mkinga ambaye mama yake anashinda baharini akifunga mwani kwenye kamba atapata maksi zote, na aliyehamia juzi kutoka milimani Lushoto atafeli, na hutajua umepima Kiingereza au umepima mahali mtu alipozaliwa.

Kwa hiyo natunga visa vyangu mwenyewe, vya watu wasiokuwepo. Mzee anataka kuuza baiskeli yake. Mnunuzi anakuja, matairi hayana upepo, pampu haionekani. Mjukuu yupo barazani, anaambiwa aitafute, anazunguka nyumba mara mbili na kurudi mikono mitupu huku akiikanyaga pembe ya jamvi. Hakuna sentensi inayosema mtoto ameificha pampu, wala kwa nini. Swali langu: Pampu iko wapi, na umejuaje? Hapo anayenakili anabaki na sentensi ya matairi. Aliyeelewa anatabasamu, na mimi nikisimamia huwa namwona.

Sasa kusikiliza. Watu wanadhani unahitaji maabara ya lugha. Nilirekodi kwa simu yangu, mimi na mwalimu mwenzangu wa Jiografia, jioni watoto wakiwa wameondoka, kwa sababu mchana kunguru kwenye bati hawakuruhusu urekodi hata jina lako. Spika ni ndogo ya kuchaji, ya kuazima. Tuliijaribu kwa kukaa dawati la mwisho nyuma, pale wanapokaa wale warefu. Umeme na spika vikikushinda, soma kwa mdomo, lakini usome kwa mwendo mmoja kwa mikondo yote na usianze kutafsiri ukiona nyuso zimekunjamana. Huruma hiyo inaua mtihani.

Maswali wape kabla sauti haijaanza, uwaachie muda wa kuyasoma, kisha piga mara mbili. Mitihani ya Cambridge ya ngazi za kati, kama B1 na B2, nayo inapiga mara mbili. Ukimsomea mtoto habari nzima ndipo umpe maswali, unapima kumbukumbu. Na majibu yawe mafupi: namba, siku, mchoro, alama ya vema kwenye ramani. Nawasomea maelekezo ya kutoka stendi kwenda zahanati, wanachora mshale. Anayechora mpaka sokoni nimeshajua alipotea kwenye kona gani.

Namba zina utamu wake. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mahali, kwa hiyo sikio la mtoto wetu halijazoea mkazo unaohamahama, na fifteen na fifty kwake ni ndugu mapacha. Swali zuri kabisa hilo. Lakini usilitie kwenye nauli ya basi! Nauli ya kwenda Korogwe kila mtu anaijua, ataotea. Mimi nilitumia bei ya redio kuukuu, ambayo inaweza kuwa elfu kumi na tano au elfu hamsini kutegemea na tamaa ya muuzaji. Mnaona? Ni kulekule kwenye kuficha kifungu.

Sasa nije kwenye kilichonigharimu. Kwenye pepa yangu ya kwanza ya kusikiliza, ile ya shuleni kwa yule mtaaluma, mtoto mmoja alisikia siku ya mkutano ikitajwa, akaandika *wensdei*. Nikampa alama. Mwingine wa Kidato cha Kwanza aliandika tu *Jumatano*, naye nikampa, kwa sababu maelekezo yangu yaliruhusu Kidato cha Kwanza kujibu kwa Kiswahili. Karatasi zile zilipita mikononi mwa mkuu wa idara, zikafika kwa mtaaluma, zikafika kikaoni. Shule ilikuwa na kibao mlangoni kinachoamuru Kiingereza tu, na watoto walikuwa wakichapwa kwa kukivunja, halafu mwalimu wa Kiingereza mwenyewe anatoa maksi kwa Kiswahili! Niliambiwa nalea makosa. Niliambiwa naishusha shule. Muhula uliofuata nilinyang'anywa vipindi vya Kiingereza, nikapewa Uraia.

Nimeyasamehe, au nusu yake. Ila hoja siiachi. Nilikuwa napima kama sikio limepokea ujumbe. Aliyeandika *wensdei* amesikia. Aliyeandika Jumatano amesikia na ameelewa, tena huyo ana uhakika zaidi, kwa kuwa huwezi kuigeuza sauti kuwa maana usiyoijua. Tahajia ina pepa yake, na ukiiadhibu hapa, alama unayoandika haina jina: haisemi kama mtoto hakusikia, hakuelewa, au hakujua kuandika. Mtoto anayenyimwa alama tatu kwa kosa moja anaacha kujaribu. Nimewaona wakiacha. Walimu wenzangu, tunawaacha wangapi kwenye Kidato cha Kwanza tukiwaita wavivu, na sisi ndio wavivu tusiotaka kutofautisha vitu viwili kwenye karatasi moja?

Kuna na hili la baada ya kusahihisha, nalipitia haraka kwa kuwa linaudhi lakini lina faida. Panga karatasi kuanzia ya juu hadi ya chini. Chukua fungu la juu na fungu la chini. Mtaalamu wa vipimo Truman Kelley mwaka 1939 alipendekeza asilimia 27 kila upande, ambayo kwa darasa la 60 ni kama karatasi 16 na 16. Kwa kila swali hesabu wangapi wa juu wamepata na wangapi wa chini. Wote wakilipata sawasawa, halikutofautisha chochote. Wa chini wakiwazidi wa juu, rudi kwenye swali lako, kuna kitu umekiandika vibaya, na mara nyingi, kwenye maswali ya kuchagua, ni lile jibu la uongo ambalo kwa mtoto mwenye akili lina ukweli ndani yake. Jioni moja inatosha kwa kazi hii. Usiniambie huna muda, nami nina vipindi kama wewe.

Wengine mnaniuliza kwa nini nihangaike na kitu kisichokuwa kwenye mtihani wa taifa. Mwalimu anayefundisha kile tu kitakachoulizwa hana tofauti na mtoto anayenakili hadi kwenye nukta. Baraza linapima kwa saa chache, wewe uko na huyo mtoto miaka minne. Msingoje mwongozo kutoka Dodoma ndipo mfungue midomo darasani.

Na mkishapima, msichanganye. Daftari langu la alama lina safu mbili, kusoma na kusikiliza, na sizijumlishi. Nina binti mwenye 72 ya kusoma na 28 ya kusikiliza. Huyo namketisha mbele, na nimemwomba mwalimu wa Baiolojia aandike istilahi ubaoni badala ya kuzitamka na kupita. Nina kijana wa kutoka Pangani mjini, kaka yake anatembeza wageni kwa boti. Ana 75 ya kusikiliza na 25 ya kusoma, na anachohitaji ni kukaa na kitabu chepesi mpaka macho yake yayafikie masikio. Ukipiga wastani, wote wawili wana 50, na kwenye karatasi ya matokeo ni mtoto mmoja. Kamati ya ujirani mwema imeniomba wastani, ili wapange nafasi za shule na za wanafunzi. Nimewajibu kwamba kikokotoo wanacho. Mimi natuma safu mbili.