Thinner si jina la mzigo, tuambiane ukweli

Kijana mmoja wa kliaringi huko Embakasi ameniandikia wiki hii: "Madam, nimeandika 'car thinner' kwa makaratasi, kago ya ndege wamekataa mzigo, wanasema jina si sahihi. Sasa kama si thinner ni nini?" Nimecheka, halafu nikakumbuka mambo yangu nikaacha kucheka.

Kwa kemikali hatari jina si lako kuchagua, na si la mwenye kiwanda pia. Liko kwa orodha, kitabu cha IATA (chama cha mashirika ya ndege) kwa ndege, IMDG (kanuni za kimataifa za mizigo hatari baharini) kwa meli, na kila jina lina namba yake ya UN, yaani ya Umoja wa Mataifa. Thinner ya rangi ni UN 1263, PAINT RELATED MATERIAL. Ukiangalia vizuri hapo kwa orodha utaona thinner imetajwa, lakini imetajwa kwa maandishi ya maelezo. Jina lenyewe kwa IMDG ni zile herufi kubwa tu, kwa IATA ni zile nyeusi nzito, hayo mengine ni ya kukusaidia kujua uko mahali sawa, huyaandiki kama jina. Halafu mpangilio: namba, jina, klasi (aina ya hatari, 3 ni vimiminika vinavyowaka), pakingi grupu (kiwango cha hatari, I ndio kubwa zaidi). UN 1263, PAINT RELATED MATERIAL, 3, II. Ama III, hiyo inategemea flashi pointi, yaani joto la chini kabisa ambalo mvuke wake unaweza kushika moto, ikiwa chini ya digrii 23 thinner nyingi zinaingia II. Usibuni, itisha MSDS, ile karatasi ya usalama ya kemikali, sehemu ya 14 ndio ya usafirishaji, na hata hiyo uilinganishe na orodha, kwa sababu kuna watu wanakopi MSDS ya bidhaa ingine wanabadilisha logo tu.

Sasa yangu. Nilikuwa nafanya kwa kampuni moja ya kufowadi pale Industrial Area, sitaitaja. Mteja akaleta mzigo wa kwenda Komoro kwa meli, sabuni, ufacid (asidi ya kutengenezea sabuni) kwa madramu, na magunia ya caustic soda, ile ya flakes. Bosi akaniambia andika "cleaning material" yote, meli wasituchaji pesa ya mzigo hatari. Nikamwambia caustic iko kwa orodha, UN 1823, SODIUM HYDROXIDE, SOLID, klasi 8 ya vitu vinavyobabua, pakingi grupu II. Na ufacid lazima tujue kwanza asidi ya salfa iliyobaki ndani ni asilimia ngapi, ikizidi 5 ni UN 2584, isipozidi ni UN 2586. Akaniangalia hivi. "Soda ni soda, hii si kama magadi tu?" Mbele ya ofisi nzima! Soda ash ya Magadi haiko hata kwa orodha ya mizigo hatari, caustic ikiingia maji inachemka yenyewe na ikigusa alumini inatoa haidrojeni, hiyo ni gesi ya kulipuka, unaenda kulinganisha aje? Nikakataa kusaini. Haikupita muda meza yangu ikapewa mtu mwingine, na mpaka leo nikipitia Enterprise Road kwa matatu naangalia ule upande mwingine.

Lakini leo wateja wa ile ofisi wananipigia mimi. Wacha niseme tu.

Na msifikiri ni kiburi cha makaratasi. Mwaka wa 1996 ndege ya ValuJet ilianguka Florida, watu 110 wakafa wote, na ndani kulikuwa na jenereta za oksijeni ambazo kwa karatasi ziliandikwa ni mikebe ya oksijeni, mitupu. Hazikuwa tupu, zikawasha moto humo ndani. Mtu wa kupakia alisoma alichoandikiwa, angejuaje?

Kwa hivyo fungua orodha. Tafuta jina la kitu chenyewe kwanza. Ukiwa na ethanoli, ni UN 1170, ETHANOL SOLUTION kama imechanganywa na maji, usikimbilie UN 1987, ALCOHOLS, N.O.S. (not otherwise specified, yaani haikutajwa kwingine), na usiruke kabisa mpaka UN 1993, FLAMMABLE LIQUID, N.O.S. kwa sababu umechoka. Hizo N.O.S. ni za kitu ambacho hakina jina lake, na nyingi ukizitumia lazima uweke kwa mabano jina la kemikali inayoleta hatari, kemikali zikiwa nyingi, mbili kubwa zinatosha. Jina la kemikali nimesema, si brandi. Brandi yako nzuri iache kwa lebo ya dukani. Fungua orodha, nimesema tena, wengi wenu mnauliza WhatsApp grupu kabla ya kufungua kitabu.

Na wale wa inbox wanaotaka niwape "jina litakalopita", nimewaona. Mmoja ana mitungi ya asidi ya betri anataka iitwe distilled water. Huyo nimemblock.