Muulize Fundi: Niweke prosesa ya i7 au niache?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari ndogo Majengo, Moshi. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010 niliyoinunua ikiwa imeshatumika: prosesa Core i3-3220, RAM GB 4, hard disk ya GB 500. Asubuhi nikiiwasha, mteja wa kwanza anachoka kusubiri na kwenda duka la pili. Halafu nimeanza kuhariri video za kipaimara, na video ya saa moja naiacha usiku kucha ndiyo imalizike. Fundi wa jirani ananiambia niweke i7 kwa shilingi 180,000, eti i7 yoyote inaingia. Nitoe?
Mama Steshenari, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiitoe kwanza. Una magonjwa mawili hapo, na jirani yako ameyaandikia dawa moja.

Ugonjwa wa asubuhi si wa prosesa. Kesho ukishawasha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua palipoandikwa Performance. Natarajia utakuta Disk iko asilimia 100 na CPU, yaani prosesa, imekaa tu. Hard disk ni sahani inayozunguka, na kichwa chake hukimbia huku na huko kutafuta mafaili. RAM (kumbukumbu ya kazi zilizofunguliwa) ya GB 4 ikijaa, Windows inahamishia vitu kwenye diski hiyohiyo iliyokwisha kulemewa. Ukiweka i7, nayo itakaa kusubiri kama hiyo i3.

Hili nililijifunza kwa hela ya mtu. Mwalimu mmoja alinijia hapa Ngarenaro, Arusha, nikamtoa kwenye i3 nikampeleka kwenye i5. Wiki haijaisha akarudi: "Fundi, mbona ni ileile?" Nilipomwekea SSD, yaani diski isiyo na sahani ya kuzunguka, ndipo ikafunguka. Hela ya prosesa nilimrudishia, lakini muda wake sikuweza kuurudisha, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo anza na SSD ya SATA (inayochomekwa kama diski yako ya sasa), GB 240 zinakutosha, na uongeze RAM ya DDR3 (aina inayoingia kwenye mashine yako) ifike GB 8. RAM tafuta iliyotumika, na nitakuambia kwa nini.

Video ni habari nyingine. Angalia CPU wakati video inajitengeneza. Ikiwa iko 100 muda wote, jirani yako ana hoja: i3 yako ina viini (core) viwili vya kufanyia kazi, i7-3770 ina vinne, na programu za video zinajua kuvitumia vyote. Ila si "i7 yoyote". Mazabodi yako (bodi kuu ya ndani) ina soketi ya 1155, yaani kikao cha prosesa, inayopokea prosesa za Intel za kizazi cha pili na cha tatu peke yake. Namba baada ya kistari lazima ianze na 2 au 3. i7-4770 ni ya soketi 1150, haikai. Na vipini viko ndani ya soketi, vyembamba kama nywele; kimoja kikipinda, mazabodi inaweza kufa. Usikubali kazi hiyo ifanyike juu ya kaunta huku mtu anaongea na simu.

Hata hivyo, mimi nisingeinunua. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. i7-3770 ni ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012. Ukishanunua SSD na RAM, chenji iweke kando, na kila malipo ya kipaimara uongezee kidogo, mpaka upate mashine ya kizazi cha nane. SSD utahama nayo. RAM haitahama, kwa kuwa mashine nyingi za kizazi hicho zinatumia DDR4, ndiyo maana nimesema ya kutumika.

Na kabla fundi yeyote hajafungua hilo kasha, hamishia video za wateja kwenye diski ya nje, ufungue mbili tatu uone zinacheza.