Kuunganisha simu na Linux kwa kebo ni rahisi. Linda bando lako

Wengi wanaoniletea kompyuta hapa Kondele, Kisumu, hudhani kwamba kupata intaneti ya simu kwenye Linux (mfumo endeshi wa kompyuta, kama Windows) kupitia kebo ya USB ni kazi ya mabingwa. Hapana. Linux iliimaliza kazi hiyo zamani: unachomeka kebo, unawasha kipengele kimoja kwenye simu, mtandao unaingia. Kinachotaka akili ni kinachofuata, yaani kuizuia kompyuta isimeze bando lako lote huku wewe ukiandika barua ya kuomba kazi.

Utauliza, kebo ya nini na hotspoti ipo? Kisumu hii mvua ya jioni ikija na radi, stima hupotea, na ruta ya nyumbani huzimika nayo. Simu inayorusha Wi-Fi hupata moto na chaji yake huisha upesi. Ikiwa kwenye kebo, kompyuta huichaji, japo polepole, kwa kuwa tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na anayelipa gharama hiyo ni betri ya kompyuta. Halafu kuna mambo ya hosteli. Washa hotspoti kwenye hosteli za chuo kule Maseno uone: jirani atabisha mlango akiomba nenosiri, na ukimnyima umejitafutia maneno. Kebo haina nenosiri la kuombwa.

Anza na kebo yenyewe. Kati ya zile zinazouzwa kando ya barabara kwa shilingi 50, kuna ambazo ni za kuchaji tu. Kebo kamili ya USB 2.0 ina nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za data. Hizo za bei rahisi wakati mwingine zile mbili za data hazimo kabisa. Kwa hiyo kabla hujailaumu Linux, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

lsusb

Simu isipoonekana kwenye orodha ya vifaa itakayotokea, badilisha kebo na usiguse kitu kingine chochote. Dalili nyingine iko kwenye simu: katika mipangilio ya mtandao, karibu na hotspoti, pale palipoandikwa "USB tethering" patakuwa pamefifia na hapabonyezeki.

Kebo nzuri ikishapatikana, washa kipengele hicho cha USB tethering kisha uandike sudo dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za mfumo. Mistari ya mwisho itataja rndis_host. Hiyo ndiyo draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) inayozungumza RNDIS, itifaki iliyobuniwa na Microsoft na ambayo simu nyingi za Android huitumia. Baadhi ya simu mpya hutumia cdc_ncm badala yake. Zote mbili zimo tayari ndani ya kernel, yaani kiini cha Linux, huna haja ya kupakua kitu. Tangu hapo Linux haioni simu. Inaona kadi ya mtandao wa waya, iliyopewa jina usb0, au enp0s20f0u2, au enx na msururu wa tarakimu na herufi. NetworkManager, programu ya Linux inayosimamia mitandao, huiombea anwani yenyewe na mambo yamekwisha.

Wenye iPhone wanahitaji programu ya usbmuxd, ambayo Ubuntu ya mezani (Ubuntu ni mojawapo ya matoleo ya Linux) huja nayo, na wakubali kuiamini kompyuta pale simu inapouliza skrini ikiwa imefunguliwa. Draiva yake ni ipheth.

Sasa bando. Kwa kuwa Linux huichukua simu kama mtandao wa waya, huipa kipaumbele kuliko Wi-Fi. NetworkManager huhesabu hivi: njia ya waya hupewa namba 100, Wi-Fi 600, na yenye namba ndogo ndiyo hupita mbele. Maana yake, ukiwa ofisini kwenye Wi-Fi ya bure kisha uchomeke simu na kipengele kile kimewashwa, trafiki yote itahamia kwenye data yako wala hutaambiwa. Andika ip route uone mwenyewe: mistari inayoanza na default itakuwa miwili, kila mmoja na metric yake, yaani ile namba ya kipaumbele.

Dawa yake si kuhariri muunganisho ule unaojitengeneza, "Wired connection 1" na wenzake. Simu nyingi hubadilisha anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao) kila unapowasha, na ukihamia tundu lingine la USB hata jina la kadi huweza kubadilika, kwa hiyo mipangilio yako inaweza kubaki nyuma. Mimi natengeneza muunganisho unaoitambua simu kwa draiva yake (ni amri moja, yote iende mstari mmoja):

nmcli connection add type ethernet con-name simu ifname '*' match.driver rndis_host connection.metered yes ipv4.route-metric 700 ipv6.route-metric 700

Namba 700 inaiweka simu nyuma ya Wi-Fi. Usiisahau ile ya ipv6 (aina mpya ya anwani za intaneti), maana mitandao ya simu hutoa anwani hizo pia, na nusu ya trafiki itapitia dirishani umefunga mlango. Neno metered linaziambia programu kwamba data hii inanunuliwa. Android yenyewe hujaribu kulisema hilo inapotoa anwani, na NetworkManager huelewa, lakini napenda liwe limeandikwa, si la kukisiwa. Kama simu yako si ya rndis_host, uliza draiva yake kwa nmcli -f GENERAL.DRIVER device show usb0, ukiweka jina la kadi yako mahali pa usb0.

Kwa watu wa Ubuntu kuna mlafi mwingine, snap, mfumo wa kusakinisha programu, anayejisasisha mwenyewe saa yoyote. Huyu mfunge kwa:

sudo snap set system refresh.metered=hold

Ukifika penye Wi-Fi ataendelea. Vichupo vya video vilivyoachwa wazi kwenye kivinjari ni juu yako. Hapo hakuna amri itakayokusaidia.

Nimeacha mwisho matumizi ninayoyapenda kuliko yote. Laptopu za ex-UK zinazojaa madukani, hasa zenye chipu za Broadcom kama BCM43142, mara nyingi ukiziwekea Linux Wi-Fi haiwaki, na draiva inayotakiwa iko kwenye intaneti usiyokuwa nayo. Simu ya Android inakutoa hapo. Iunganishe na Wi-Fi iliyo karibu, kisha uwashe mtandao wa kebo: simu itapitisha ile Wi-Fi hadi kwenye kompyuta, na bando halitaguswa. iPhone haifanyi hivyo, yenyewe hugawa data ya laini tu. Kwenye Ubuntu andika sudo apt update, halafu sudo ubuntu-drivers install. Kwenye Debian, toleo lingine la Linux, pakiti inaitwa broadcom-sta-dkms, nayo iko sehemu ya non-free (ya programu zisizo huria), ambayo lazima uiwashe kwanza. Ikimaliza, zima kompyuta na uiwashe upya ukiwa umechomoa simu, uone kama Wi-Fi inasimama kwa miguu yake.