Celica mpya, injini ya chini na hii imani ya chip

SWALI: Habari fundi. Nafuatilia sana habari za Toyota Celica mpya. Kuna jamaa wanasema ya bei ya chini itakuja na 1.5 turbo, ya juu 2.0 turbo ya farasi 400. Mpango wangu nisubiri zianze kuja used nichukue ile ya 1.5 maana itakuwa nafuu, niweke chip ya kuongeza nguvu ifike ya juu, si nasikia injini ni zilezile wanazibana tu kwenye kontroli boksi, ile kompyuta ya injini? Halafu sasa hivi natembelea Toyota Wish ya 2003 yenye injini ya 1ZZ, nimeona chip inauzwa elfu arobaini, unachomeka chini ya usukani, wanasema nguvu inapanda asilimia 30 na mafuta yanapungua. Nianze na hiyo kwanza? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Salama ndugu yangu. Swali la Celica nitalijibu haraka, maana kilichonifanya nikae chini niandike ni hiyo sentensi ya "injini ni zilezile wanazibana tu". Hiyo naisikia karibu kila wiki na inamaliza watu hela.

Celica yenyewe, kinachojulikana ni kidogo kuliko kelele zake. Mei 2024 Toyota walionyesha injini zao mpya za silinda nne, 1.5 na 2.0, pamoja na Subaru na Mazda nao wakionyesha za kwao. Novemba mwaka huohuo kigogo mmoja wa Toyota akasema kwenye mashindano ya magari ya Rally Japan kwamba Celica wanaifanyia kazi. Januari 2025 wakaleta GR Yaris, ile Toyota ndogo ya sport, ya majaribio, injini imekaa katikati ya gari, ni hiyo 2.0 turbo mpya, wanaiita G20E. Hadi naandika hapa hakuna karatasi ya Toyota niliyoiona inayosema Celica itabeba ipi, hao wenye video za "specs zimevuja" wanachukua hizo habari tatu wanazikoroga pamoja basi.

Ukinibana nibashiri, ya chini nitaiweka 1.5 turbo ikisaidiwa na hybrid. Toyota wenyewe walisema hiyo 1.5 turbo ni fupi kwa asilimia 15 na imepungua ukubwa kwa asilimia 20 ukiilinganisha na 2.5 yao isiyo na turbo, na injini fupi ndo inakuruhusu kushusha boneti, kitu ambacho gari ya sport inakitaka. Pia kodi ya mwaka ya Japani inakwenda kwa cc, gari isiyozidi 1500 inalipa yen 30,500, ukivuka hapo mpaka 2000 ni 36,000. Ila wasikudanganye kwamba hakuna njia nyingine, ile 1.6 ya silinda tatu ya GR Yaris ipo tayari na kwa Japani inatoa farasi 304, wakiamua kuitumia hiyo sitashangaa.

Sasa tuje kwenye penyewe. Celica ya mwisho, iliyotoka 1999 na kusimama 2006, ilikuja na injini mbili na zote ni 1.8. Ya chini ilikuwa 1ZZ-FE, ndugu wa hiyo iliyoko kwenye Wish yako, farasi 145 kwa Japani. Ya juu 2ZZ-GE, farasi 190. Cc zinapishana mbili tu, 1794 na 1796! Mtu wa chip akiona hivyo anakwambia unaona, wameibana. Hebu tuzifungue basi. 1ZZ tundu la silinda ni milimita 79 na pistoni inasafiri 91.5, 2ZZ tundu ni 82 na safari ni 85, yaani hata krankishafti sio moja. Kompresheni, yaani mchanganyiko unavyobanwa ndani ya silinda, ya kwanza ni 10 kwa 1, ya pili 11.5. Silinda hedi ya 2ZZ Yamaha walishiriki kuitengeneza, ina kam, zile zinazosukuma valvu, za aina mbili, ukifika kama mzunguko 6200 inahamia kwenye kam ndefu na valvu zinafunguka zaidi, 1ZZ hicho kitu haina kabisa. Na kuta za silinda, 1ZZ ina slivu, yaani mikono ya ndani ya silinda, za chuma, 2ZZ ni aluminiamu iliyochanganywa na nyuzi za kuimarisha, haina slivu, ndo maana fundi akikwambia anaipeleka kuchonga, chukua gari yako uondoke. Gia boksi nayo ya manyuo, kwa Japani ya chini ilikuwa gia tano, ya juu sita. Kontroli boksi itaziba wapi tofauti zote hizo?

Nisikilizwe vizuri hapa, sijasema programu haifanyi kitu. Kwenye injini yenye turbo ukibadilisha programu unaweza kuongeza presha ya turbo na nguvu inapanda kweli, na kuna magari ambayo kiwanda kinauza injini moja kwa viwango viwili. Supra ya 2019 kwa Japani ilikuwa na 2.0 ya BMW ya farasi 197 na nyingine 2.0 hiyohiyo ya farasi 258. Watu wakaona hapo mwanya. Lakini nguvu ikiongezeka joto linaongezeka, na kila kilichoko njiani kinatakiwa kibebe: intakula inayopoza hewa ya turbo, pampu ya mafuta, klachi, gia boksi, difu, breki. Wewe unayechukua ya chini unanunua na breki za chini.

Halafu hizi turbo ndogo za kisasa zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda zina ugonjwa wao. Ukiwa kwenye mzunguko mdogo, sema 1500 au 2000, umekanyaga mafuta mengi unapanda mlima kwa gia kubwa, mchanganyiko unaweza kuwaka wenyewe kabla plagi haijapiga. Sio ule mlio wa kugonga mliouzoea, huu ni pigo moja zito na linaweza kuvunja ukuta wa pistoni palepale kati ya ringi na ringi. Sababu mojawapo ni tone la oili lililochanganyika na petroli likabaki juu ya ringi, ndo maana oili za daraja la API SN PLUS na SP, yale maandishi ya ubora kwenye kopo, zilitengenezwa, 2018 na 2020, ili kupunguza hilo. Sasa mtu amepandisha presha ya turbo kwa programu aliyowekewa na kijana mwenye laptop, haulizwi anatia petroli gani, anarudi mtaani anamwagiwa oili nzito ya kupimwa kwenye kidumu isiyo na jina. Pistoni ikipasuka anasema Toyota siku hizi wanatengeneza magumashi.

Na hicho kiboksi chako cha elfu arobaini. Nimevifungua vya namna hiyo pale mezani kwangu. Soketi ya gari ina pini 16. Ndani ya kiboksi pini ya 16 inayoleta umeme wa betri na ile ya 4 ya ethi ndo zimeungwa, zinawasha taa tatu zinazomeremeta, na kichipu kimoja cha kuzimeremetesha. Pini za mawasiliano hazijaungwa popote, yaani hakiongei na kontroli boksi hata salamu. Lakini kimeandikwa "subiri kilomita 200 kijifunze uendeshaji wako", na mwenye gari kwa hizo kilomita 200 anaendesha taratibu anasikilizia, mafuta yanapungua kweli kwa sababu ya mguu wake. Hata kingekuwa kimeungwa, injini isiyo na turbo kama yako utaigusa muda wa cheche na mchanganyiko wa mafuta tu, asilimia 30 utaitoa wapi? Kutoka farasi 132 za Wish yako mpaka kama 172 bila kugusa chuma chochote. Wanaouza hivi vitu wanajua, hilo ndo linaniudhi, hawajakosea hesabu, wanakupiga.

Wanakuja pia wale wa "tunafunga turbo kwenye 1ZZ yako laki nane kila kitu". Kompresheni 10, konrodi za gari ya familia, hewa inasukumwa bila mtu kugusa programu, injini inaenda mwezi mmoja hadi mitatu inatoboa pistoni, mwenye turbo namba yake haipatikani.

Kwa Wish yako, elfu arobaini hiyo peleka kwenye kipimo cha kompresheni silinda zote nne, plagi nzuri za orijino, na usafishe throto bodi. 1ZZ za mwanzo zilisifika kwa kula oili, matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa machache yakaziba, baadaye pistoni ikabadilishwa. Ya kwako ya 2003 ina nafuu ila imeshakula miaka zaidi ya ishirini, kwa hiyo chomoa dipistiki kila unapojaza mafuta. Ikishuka zaidi ya lita moja kwa kilomita elfu moja, uje na pesa ya ringi, usije na kiboksi.