Yai linalopotea kila mwezi, ni nafsi imekufa?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Nimesoma kwamba yai la mwanamke lisipokutana na mbegu linakufa, na mbegu za mume wangu nazo zinapotea nyingi tu. Moyo hautulii, kila nikiingia hedhi naleta toba. Je tunaua watoto?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu. Toa hofu kabisa, hakuna aliyekufa hapo.

Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46 (nyuzi ndogo zinazobeba urithi wa baba na mama), ila yai au mbegu ikitengenezwa inabaki na 23 tu, yaani nusu. Na Qur'ani imesema mtu kaumbwa kwa tone lililochanganyika (76:2), sasa kabla hazijachanganyika huyo mtoto yuko wapi? Hata zikishachanganyika, hadithi ya Ibn Mas'ud kwa Bukhari na Muslim inataja arubaini tatu ndo roho inapulizwa, wanazuoni wengi wakahesabu siku 120. (Kutoa mimba ni jambo jingine kabisa na ni zito, usichanganye na hili.)

Halafu hayo mayai hukuyatengeneza kwa hiari yako, yalianza ukiwa tumboni mwa mama yako, kwenye wiki ya 20 hivi mtoto wa kike anakuwa nayo kama milioni 6 au 7, akizaliwa yamebaki milioni 1 au 2, akibalehe laki tatu au nne, na yatakayopevuka yakatoka maisha yake yote ni kama 400 tu. Mengine yote yamekufa yenyewe, mamilioni hata hujazaliwa, hujui swala wala dhambi, sasa Allah atakuhesabia vipi alichokipitisha Yeye mwenyewe? Na lile linalotoka, kule kujigawa kwake ili libaki na nusu kulisimama katikati miaka yote hiyo, hatua ya mwisho inamalizika pale tu mbegu inapoingia. Subhanallah, mimi hapa huwa nakosa la kusema.

Mumeo naye, korodani zinaanza kazi akibalehe, mbegu moja inachukua miezi miwili na zaidi kukamilika, mamilioni kila siku, na zisizotoka mwili unazinyonya wenyewe. Sahaba Jabir r.a. kasema walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, na Qur'ani inashuka. Ingekuwa ni kuua nafsi wangeachwa hivihivi?

Kwahiyo siku zako zikija acha swala kama ulivyoamrishwa, zikiisha oga josho uswali, na hiyo toba ya yai usiilete tena.