Mwanangu, unaachia nini?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na rasimu ya tangazo la kazi nimeisoma mara mbili, ya pili baba yako akinichungulia begani. Unataka kujua Mkurugenzi wa Uendeshaji wa kampuni yako, mtu wako wa pili, awe nani: umchukue yule mwenye uzoefu wa kampuni kubwa, au umpandishe meneja wako mliyeanza naye tangu mko wachache? Nitafika huko. Kwanza niambie unaachia nini, yaani maamuzi gani yanatoka mikononi mwako kwenda kwake, maana kwenye tangazo lako sijakiona.

Nimeona "atasimamia shughuli zote za kila siku". Zote zipi? Mikataba ya wasambazaji anatia saini nani? Mfanyakazi akistahili kufukuzwa, anamfukuza yeye au mpaka jambo lije kwako? Mteja mkubwa akiomba punguzo, je? Halafu mstari wa chini unataka awe mwalimu wako, alete mageuzi, na siku moja akurithi. Nathan Bennett na Stephen Miles, waliowachunguza watu wa cheo hiki, waliandika mwaka 2006 kwamba kampuni huwatafuta kwa sababu saba tofauti. Wewe umezirundika tatu kwa mtu mmoja. Mwalimu anajua ataondoka, mrithi anasubiri uondoke wewe. Watakaaje ndani ya koti moja?

Najua utasema, mama naye na Mzee wake. Ndiyo, ni Mzee. Ulimjua ukiwa mdogo, yule aliyekuwa akikupa daftari zilizopinda mistari ukadhani ni zawadi. Alinileta kwenye kiwanda chake cha uchapaji niwe mtu wake wa pili, na barua yangu ya ajira ilisema yale yale unayoyasema wewe: shughuli zote za kila siku. Niliukuta uchapaji unaenda kwa anayepiga kelele zaidi. Nikatundika ubao ukutani, kila kazi na zamu yake, na sharti kwamba hakuna kazi inayoruka foleni bila saini yangu. Ukafanya kazi ubao ule! Hata mafundi wale wagumu uliokuwa ukiwaogopa walipita asubuhi kuusoma kabla ya kuvaa aproni.

Msimu wa shule tukiwa tunachapa vitabu, rafiki yake Mzee akataka kalenda, tena upesi. Mzee hakunipigia simu. Alishuka mwenyewe jioni, mimi nimeshaondoka, akamwambia fundi asimamishe vitabu. Asubuhi nikakuta pleti za kuchapia vitabu zimeegemezwa ukutani, wino umezikaukia, kalenda zinatoka. Fundi hakuniangalia usoni. "Mzee amesema." Basi. Nilipopanda kumwuliza, alicheka, akasema si mara moja tu, akaniagizia chai.

Chai ile sikuinywa, na mpaka leo nikiikumbuka natamani ningeimwaga palepale mezani. Wala si kalenda zilizoniuma. Wiki ile ile foleni ilihama mlangoni kwangu ikaenda kwake. Watu si wajinga. Wakishajua kuna njia ya mkato, nani ataganda kwenye ubao? Mimi nikabaki na cheo na ofisi yenye feni.

Ingawa tuseme haki: rafiki yule ndiye aliyemkopesha Mzee hela ya mashine ya kwanza, jambo nililokuja kulisikia baadaye sana. Angemwambiaje asubiri? Pengine hata mimi ningeshuka. Lakini hapana. Angenipigia, ningezihamishia kalenda mashine ndogo mwenyewe, rafiki angepata zake na ubao ungebaki ubao. Haki yake ya kuamua sikuwahi kuibishia. Alichoniachia hakikuandikwa popote, kwa hiyo hakuna alichoniachia. Ndiyo maana nasema, na nitarudia mpaka unichoke: andika unachoachia kabla hujaandika unayemtaka.

Umenitajia Facebook. Sawa. Mark Zuckerberg, akiwa na miaka 23, alimchukua Sheryl Sandberg mwaka 2008 awe Mkurugenzi wake wa Uendeshaji, na watu hupenda kusimulia jinsi mtu mzima alivyoletwa kulea vijana. Wanaruka habari ya mpaka: bidhaa na wahandisi vilibaki kwa Zuckerberg, matangazo, mauzo, ajira na sera vikaenda kwa Sandberg. Na kabla ya kukubaliana walikaa jioni nyingi nyumbani kwake wakila na kuzungumza, wiki kadhaa. Wewe huyo wako umeongea naye kwa video, tena katikati ya vikao viwili. Sandberg alidumu kwenye cheo hicho hadi 2022.

Tim Cook naye hakuingia Apple na cheo hicho. Mwaka 1998 alikabidhiwa uzalishaji na ugavi, akapunguza maghala na mali iliyolala, na ukuu wa uendeshaji ukamfikia 2005. Steve Jobs alipougua, yeye ndiye aliyeshika kampuni, na 2011 akaachiwa moja kwa moja. Usinitegee hapo, sijasema umpandishe meneja.

Ukishamweka, yeyote awaye, watakuja kwako. Watakuja na tabasamu, watasema ni dakika moja tu. Jibu lako liwe "umeshamwona?" hata kama jawabu unalijua, na hasa ukilijua. Ukiona amekosea, mwambie mkiwa wawili, mlango ukiwa umefungwa, kisha yeye mwenyewe ndiye atoke kuubadilisha uamuzi wake.

Sasa nani? Baba yako anasema wa nje. Mimi ninaye wangu na ulimi unaniwasha. Meneja wako anaijua kampuni mpaka uvunguni, ila amezoea kukuuliza kila kitu, nawe umezoea kuulizwa... hapana, nimejiapiza sitataja jina. Nikitaja hutaandika kitu.

Chukua karatasi, igawe safu tatu: atakayoamua bila kukuuliza, atakayoamua baada ya kukuuliza, na yaliyo yako peke yako. Safu ya kwanza ikitoka fupi, usiajiri yeyote kati yao, tafuta msaidizi wa ofisi, utaokoa mshahara. Ikiwa ndefu, nitumie kabla hujampelekea mtu, nami nitakutajia jina.

Baba yako anakusalimu. Ana lake la kuongeza, lakini nimemnyima nafasi.

Mama